Njia ya Msalaba: Ibada isiyo ya amri inayojaza makanisa

WAUMINI wa Kanisa Katoliki nchini Tanzania wana desturi moja isiyokosekana kila ufikapo msimu wa Kwaresima. Ijumaa jioni, baada ya saa za kazi, hukusanyika makanisani kwa ajili ya ibada ya Njia ya Msalaba.

Watu ambao miezi mingine huonekana kanisani siku ya Dominika pekee, na wengine ambao hata Dominika huonekana kwa nadra, siku hizo hujaza mabenchi. Wapo wanaofika wakiwa bado wamevaa sare za kazini, wapo wanafunzi waliotoka shuleni moja kwa moja, na wapo kinamama waliofunga biashara zao mapema ili wawahi kituo cha kwanza.

Hali hiyo huzua swali ambalo mapadre na makatekista huulizwa mara kwa mara katika kipindi hiki: Je, Mkatoliki asiyehudhuria Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa ametenda dhambi?

Jibu ni hapana. Hakuna amri ya Kanisa inayomlazimisha muumini kuhudhuria ibada hiyo, iwe katika Kwaresima au wakati mwingine wowote. Hata hivyo, jibu hilo fupi linahitaji maelezo, kwa kuwa wengi huchanganya mambo mawili: wajibu wa kufanya toba na wajibu wa kuhudhuria kanisani.

Sheria inasema nini?

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotolewa mwaka 1983 unaeleza katika kanuni ya 1247 kwamba waamini wanawajibika kushiriki Misa siku za Dominika na sikukuu zilizoamriwa. Ijumaa za Kwaresima hazimo katika orodha hiyo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hata Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hazimo. Ni siku ambazo makanisa hufurika hadi watu wakasimama nje madirishani, lakini sheria haimlazimishi mtu kufika. Siku ya Ijumaa Kuu, kwa mujibu wa mapokeo ya kale, Kanisa haliadhimishi Misa kabisa. Kinachofanyika ni adhimisho la Mateso ya Bwana, kwa kawaida alasiri.

Kinachoamriwa katika siku hizo ni toba. Kanuni ya 1249 inasema waamini wote wanapaswa kufanya toba, kila mmoja kwa namna yake, na kwamba siku za toba zimewekwa ili wasali, watende matendo ya ibada na ya mapendo, na kujinyima. Kanuni ya 1250 inazitaja siku hizo kuwa ni kila Ijumaa ya mwaka pamoja na kipindi chote cha Kwaresima.

Kufunga kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60, nako hufanyika Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14, nako ni kwa siku za Ijumaa, ingawa sheria inaruhusu mabaraza ya maaskofu kuweka namna nyingine ya toba badala yake.

Kwa maneno mengine, mtu aliyekaa nyumbani Ijumaa kwa sababu ya kazi, ugonjwa au kulea watoto hajavunja sheria yoyote. Aliyehudhuria ibada, kisha akapitia njiani kula nyama choma bila sababu, ndiye mwenye swali la kujiuliza.

Asili yake

Njia ya Msalaba haikuanzia parokiani. Ilianza kama desturi ya mahujaji waliokwenda Yerusalemu kupita mahali panapoaminika kuwa Yesu Kristo alipita akiwa na msalaba. Mwaka 1342, Papa Klementi VI aliwathibitisha watawa Wafransisko kuwa walinzi wa mahali patakatifu katika nchi hiyo, na watawa hao ndio walioieneza ibada hiyo Ulaya kwa ajili ya watu wasioweza kusafiri.

Kwa hiyo, tangu awali ilikuwa ibada ya wale wasioweza kufika. Asiye na nauli ya kwenda Yerusalemu aliletewa Yerusalemu kijijini kwake.

Idadi ya vituo haikuwa moja kila mahali hadi mwaka 1731, Papa Klementi XII alipothibitisha vituo 14 na kuruhusu viwekwe katika makanisa yote, hata yasiyo ya Wafransisko. Mhubiri mashuhuri wa Italia, Mtakatifu Leonardo wa Porto Maurizio, aliyefariki dunia mwaka 1751, anakumbukwa kwa kuweka vituo hivyo katika mahali zaidi ya 570, ukiwamo uwanja wa kale wa Colosseum mjini Roma mwaka 1750.

Ni katika uwanja huo ambako Papa Paulo VI aliirejesha desturi ya kuongoza Njia ya Msalaba usiku wa Ijumaa Kuu mwaka 1964.

Si kila kituo kimetoka moja kwa moja katika Injili. Kuanguka kwa Yesu mara tatu, na tukio la Veronika kumfuta uso, ni mapokeo ya waamini. Mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II alitumia katika ibada ya Colosseum mpangilio mwingine wenye vituo vinavyotoka katika Maandiko Matakatifu pekee. Mpangilio huo hutumika pia, lakini haukufuta ule wa zamani.

Kwa nini watu hujaa?

Sababu ya kwanza ni kwamba ibada hii haihitaji padre. Katekista, kiongozi wa jumuiya au mlei mwingine aliyeandaliwa anaweza kuiongoza.

Jambo hilo lina uzito mkubwa katika nchi ambayo parokia moja inaweza kuwa na vigango vingi vilivyotawanyika, na padre akafika kigangoni kwa zamu. Misa inaweza kukosekana kwa majuma kadhaa, lakini Njia ya Msalaba husaliwa kila Ijumaa, hata kama vituo ni misalaba midogo ya miti iliyopigiliwa ukutani. Kwa Mkristo wa kigangoni, hiyo ni sehemu ya Kwaresima isiyosubiri gari la parokia kupita katika barabara zilizoharibiwa na mvua za masika.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, lakini inafahamika parokiani. Katika Misa, wakati wa Komunyo unapofika, watu hupanga mstari, na wanaobaki kwenye mabenchi huonekana.

Miongoni mwao wamo wanaoishi katika ndoa za kimila au za kiserikali ambazo hazijabarikiwa kanisani, wamo waliotengana na wenzi wao na kuanza maisha na wengine, na wamo waliokwama kwa sababu upande mmoja haujawa tayari kufunga ndoa. Baadhi huona aibu kubaki wamekaa huku majirani wakiwapita, na kidogo kidogo huacha kufika Dominika.

Katika Njia ya Msalaba hakuna mstari huo. Wote husimama pamoja, hupiga magoti pamoja na kuitikia pamoja katika kila kituo. Mwenye ndoa ya kanisani na asiye nayo hawatofautishwi. Wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa katika Mkesha wa Pasaka, pamoja na watoto ambao hawajapata Komunyo ya kwanza, nao hushiriki sawa na wengine.

Mafundisho ya Kanisa hayawafungii watu hao mlango. Waraka wa Papa Yohane Paulo II kuhusu familia wa mwaka 1981, Familiaris Consortio, unahimiza kwamba waliotalikiana na kuoa au kuolewa tena wasijione wametengwa na Kanisa, bali wasikilize Neno la Mungu, wahudhurie Misa, wadumu katika sala na kutenda matendo ya mapendo na ya toba. Papa Fransisko naye, katika waraka Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwataka wachungaji kuwasindikiza watu wa namna hiyo na kupima kwa makini hali ya kila mmoja.

Kwa sababu hiyo, parokia zinazounganisha Njia ya Msalaba na Misa bila nafasi katikati hukutana na jambo la kutafakari. Mpango huo huwasaidia wengi kushiriki yote mawili kwa safari moja, lakini yule aliyekuja akijua hatatazamwa hujikuta tena kwenye benchi, akihesabu wanaompita. Mapumziko mafupi kati ya ibada hizo mbili humpa kila mtu uhuru wa kubaki au kuondoka bila kujieleza.

Daftari la mahudhurio

Suala jingine linalogusa mahudhurio ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na hadi leo ndizo msingi wa maisha ya parokia.

Katika parokia nyingi, anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kupata huduma ya mazishi huulizwa kwanza anatoka jumuiya gani na anashirikije. Utaratibu huo una faida, kwa kuwa humtambulisha mtu kwa jirani zake na kumpa watu wa kumfariji anapofiwa.

Ugumu huanza pale Njia ya Msalaba inapohesabiwa kama mahudhurio mengine ya jumuiya, na asiyefika akatajwa hadharani. Kwa kufanya hivyo, jambo ambalo Kanisa lenyewe halikuliamuru hugeuzwa kuwa sharti. Anayeumia zaidi ni mlinzi wa zamu, mfanyakazi wa ndani asiye na ruhusa ya kutoka, muuguzi, dereva wa daladala na mkulima ambaye masika kwake ni wakati wa palizi.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu liturujia ya mwaka 1963, ulizisifu ibada za waamini na kuagiza zipatane na liturujia, kwa kuwa liturujia huzipita zote kwa hadhi. Ibada za namna hii zimewekwa kumwelekeza mtu kwenye Pasaka. Hazikuwekwa kuwa kipimo cha nani ni Mkristo bora.

Hati hiyo hiyo inasema toba ya Kwaresima isiwe ya ndani ya moyo na ya mtu binafsi pekee, bali iwe pia ya nje na ya kijamii. Ndiyo maana sadaka inayokusanywa katika kipindi hiki huelekezwa kwa wahitaji, na jumuiya huhimizwa kuwatembelea wagonjwa, wafungwa na yatima. Nabii Isaya, ambaye sura yake ya 58 husomwa makanisani siku za mwanzo za Kwaresima, aliwakemea watu waliofunga huku wakiwaonea vibarua wao.

Mwajiri Mkatoliki anayewahi kanisani saa 11 jioni na kumwacha msaidizi wake wa kazi, naye Mkatoliki, akiosha vyombo hadi usiku, analo la kujifunza katika sura hiyo. Ruhusa ya saa mbili Ijumaa moja ni sadaka isiyohitaji bahasha.

Kwa asiyeweza kufika

Kanisa hutoa rehema kamili kwa anayefanya Njia ya Msalaba mbele ya vituo vilivyowekwa kihalali, akitimiza masharti ya kawaida, yaani kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu na moyo usioshikamana na dhambi. Kwa kawaida mtu hutembea kutoka kituo hadi kituo, lakini kanisa likijaa, inatosha kiongozi pekee atembee na wengine wabaki mahali pao.

Aliyezuiwa na sababu ya kweli anaweza kupata neema hiyo hiyo kwa kusoma na kutafakari Mateso ya Bwana mahali alipo. Mgonjwa kitandani, mlinzi getini na mama mwenye mtoto mchanga hawako nje ya ibada hiyo.

Tangu Jumatano ya Majivu hadi Ijumaa Kuu, Ijumaa ni saba tu. Kwa baadhi ya wanaofika, hizo ndizo jioni pekee za mwaka wanazokaa kanisani bila kuulizwa lolote. Pasaka ikishapita, ni juu ya parokia na jumuiya kuwatafuta kwa upole, na kuwauliza ni nini kinachowazuia kurudi Dominika inayofuata.