Amri ya mfalme na utii wa watu

Mwalimu anayefundisha mageuzi ya dini chini ya wafalme wa ukoo wa Tudor ajihadhari: mwanafunzi atakariri miaka, kisha aamini kwamba Uingereza nzima ilibadili imani kila kiti cha enzi kilipopata mwenyewe mpya. Henry VIII alijitenga na Papa mwaka 1534. Edward VI akaleta kitabu cha sala cha Kiingereza mwaka 1549, Mary akarudisha Misa ya Kilatini mwaka 1553, na Elizabeth akaiondoa tena mwaka 1559. Mageuzi manne ndani ya miaka 25. Je, mioyo nayo iligeuka mara nne?

Darasani Piana-Mwanga, Kongo, swali hilo lianzie nyumbani, enzi nchi ilipoitwa Zaire. Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga, akajikuta uhamishoni Roma. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, shule za misheni zikataifishwa, na somo la dini likapisha mafundisho ya chama tawala, MPR. Mwaka 1977 makanisa yakarudishiwa shule kwa mkataba.

Wanafunzi wachore jedwali la safu tatu: amri, aliyeitekeleza, na walichofanya watu. Safu mbili za kwanza zinajazwa kwa kitabu. Ya tatu inahitaji wazee: kitambulisho chako kiliandikwa jina gani, na mama yako alikuita nani? Wako walioficha jina la ubatizo, na wako waliolipenda jina la mababu wakabaki nalo hata Mobutu alipoanguka. Watu hao wote walihesabiwa kuwa watiifu.

Baada ya hapo, wapeleke Morebath, kijiji cha Devon, Uingereza. Padre Christopher Trychay alikihudumia kuanzia 1520 hadi 1574, akivuka mageuzi yote bila kuhama parokia. Daftari lake la hesabu linaonyesha waumini wakichanga kwa miaka mingi kununua mavazi meusi ya Misa ya wafu. Yalipatikana mwaka 1547, Edward akiingia madarakani, na muda si mrefu ibada yenyewe ikakatazwa. Mary alipotawala, vitu vya kanisa vilivyokuwa vimehifadhiwa majumbani vilianza kurudi.

Kwa hiyo mtihani usiishie kuuliza Elizabeth alitawazwa lini. Uulize hivi: padre aliyetii amri zote nne, ni ushahidi gani ungetuonyesha alichoamini?