Jeni ya MYC na Limfoma ya Burkitt: Udhibiti wa Unukuzi Unapovunjika

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Uvimbe huo, uitwao leo limfoma ya Burkitt, unaonyesha waziwazi namna hitilafu ya kidhibiti-unukuzi kimoja inavyochangia kuzuka kwa saratani.

Ieleweke kwanza kwamba jeni haitendi kazi mpaka inukuliwe, yaani mpaka maelezo yaliyomo katika DNA yanakiliwe katika RNA. Istilahi ya unukuzi inafaa hapa kuliko inavyodhaniwa: mnakili wa miswada hanakili kila kitabu kilichomo maktabani, bali kile alichoagizwa. Waagizaji ndani ya seli ni protini zinazojishikiza kwenye DNA na kuruhusu unukuzi wa jeni fulani au kuuzuia. MYC ni mojawapo. Ikiungana na mwenzake, MAX, hushika mfuatano wa CACGTG na kuchochea jeni nyingi za ukuaji na mgawanyiko wa seli.

Katika seli yenye afya amri hiyo haidumu. Jeni ya MYC hunukuliwa kwa wingi pale tu seli inapopata ishara ya kukua, na nusu ya protini yake huvunjwa katika muda wa dakika 20 hadi 30 hivi. Mwaka 1982 ilibainika kwamba katika limfoma ya Burkitt jeni hiyo, ambayo makao yake ni kromosomu ya 8, huwa imehamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni za kingamwili. Limfosaiti B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, hunukuu jeni hizo kwa wingi. Basi MYC nayo hunukuliwa bila kukoma. Si lazima maandishi ya jeni yaharibike. Yatosha kuhama mahali.

Hata hivyo, MYC ikizidi huamsha pia kifo cha seli, hasa kupitia p53, ambayo nayo ni kidhibiti-unukuzi. Ndiyo maana jeni ya p53 mara nyingi hukutwa imeharibika katika uvimbe huu. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe kutoka Uganda, huisaidia seli kukiepa kifo hicho. Malaria nayo, kwa kuzichochea limfosaiti B mara kwa mara, huongeza nafasi ya DNA kukatika.

Umbo la MYC halina kishimo dhahiri ambamo dawa ingejipachika. Kwa hiyo tiba ya kawaida hutegemea dawa kama saiklofosfamidi, ziuazo seli zinazogawanyika upesi.