Moshi Usiopiga Hodi: Mabingwa wa Kuvuka Mipaka

Moto wa msituni huunguza hapo hapo ulipo. Moshi wake husafiri. Chembe nzito huanguka njiani. Zinazofika mbali ni zile laini, nyembamba mara 30 kuliko unywele, na ndizo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Haya, mashindano yaanze.

1. Safari ndefu kuliko zote

Kombe ni la Australia. Moto wa mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 ulirusha wingu la moshi lenye upana wa kilomita 1,000, likatembea kilomita 66,000 kwa miezi mitatu. Mzunguko mzima wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075 tu! Kimo nacho: kilomita 35, karibu Kilimanjaro sita. Moshi uliopita chini zaidi ulivuka bahari hadi Auckland, New Zealand, na tarehe 5 Januari 2020 mchana wa jiji hilo ukageuka rangi ya machungwa.

2. Jiji kubwa lililozibwa pumzi

Mwaka 2023 Canada iliunguza hekta zipatazo milioni 15, yaani Rwanda tano na zaidi. Moshi wa jimbo lake la Quebec ukateremka hadi New York, yenye watu zaidi ya milioni 8. Dar es Salaam haikufika milioni 6 katika sensa ya 2022. Tarehe 7 Juni kipimo cha uchafu wa hewa kilipita 400, na hatari kubwa huanzia 301. Mechi ya timu ya besiboli ya Yankees iliahirishwa. Mwigizaji Jodie Comer alishuka jukwaani dakika 10 tu baada ya pazia kufunguliwa: hawezi kupumua.

3. Hewa chafu kuliko zote

Hapa Indonesia haina mpinzani. Mwaka 2015 ziliungua hekta milioni 2.6, Rwanda moja tu. Lakini karibu theluthi ya kilichoungua ni udongo wa vinamasi, yaani majani na mizizi iliyorundikana maelfu ya miaka. Moto wake hujificha ardhini, hufuka wiki nzima nzima bila ndimi, na maji ya juu juu hayauzimi. Katika mji wa Palangkaraya nchini humo, kipimo kilipita 2,000! Singapore, ng'ambo ya bahari, ilifunga shule. Rekodi ya Singapore yenyewe ni 401, ya Juni 2013, kwa moshi wa Indonesia pia. Siku mbili baadaye Muar, Malaysia, ikagonga 746 na kutangaziwa hali ya hatari.

4. Mwendo wa kobe

Nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zilitia saini mkataba wa kudhibiti moshi huo mwaka 2002. Indonesia, unakotoka moshi mwingi, iliuridhia 2014, ya mwisho kati ya nchi kumi za jumuiya wakati huo. Mwaka uliofuata ndipo ikaunguza ile Rwanda yake.