Wapiganaji wa Zamani na Vijana Wetu: Kikundi cha Kujitolea Chafanyaje Kazi?

Kuna swali ambalo wakazi wa Gatumba, Rugombo, Mugina na Kobero hutuuliza kila tukutanapo nao katika mikutano ya usalama. Wapiganaji wa zamani waishio kilimani kwetu, wanasema, wameanza kuwakusanya vijana siku za Jumamosi; je, tulifurahie jambo hilo au tuwaarifu polisi? Swali ni la haki. Nchi yetu ilikaa vitani zaidi ya miaka 10. Mtu mzima aliyewahi kushika bunduki akionekana mbele ya safu ya vijana, jirani hana budi kuuliza safu hiyo yaelekea wapi.

Jibu letu ni kwamba yote mawili yawezekana. Kikundi cha namna hiyo chaweza kuwa shule bora ya uraia kuliko hotuba yoyote ya ofisini, na chaweza pia kuwa mlango wa kumpotezea kijana maisha. Makala hii yaeleza namna ya kutofautisha.

Tuwatazame kwanza wapiganaji wenyewe, kwa kuwa vijana wengi wa leo walizaliwa vita vikielekea kwisha na habari hizi huzisikia vipandevipande. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, Burundi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Novemba 2003 serikali na CNDD-FDD wakakubaliana kusimamisha vita. Na Aprili 2009 kundi la FNL nalo likaweka silaha chini. Kati ya tarehe hizo, yaani kuanzia Desemba 2004, ilianza kazi ya kuwarejesha wapiganaji uraiani. Walipita kambini, wakasajiliwa, wakafundishwa maisha ya kiraia kwa siku chache, kisha wakarudi vilimani na posho iliyohesabiwa kwa mshahara wa miezi 18, ikitolewa kwa awamu. Zaidi ya watu 20,000 walipita njia hiyo. Walikuwamo askari wa jeshi la zamani na walikuwamo waliokuwa msituni wakiwindana nao. Watoto waliotumikishwa vitani nao walitolewa, zaidi ya 3,000, na hao leo ni watu wazima wenye watoto wao.

Posho ilikwisha. Kilichobaki ni mtu aliyerudi kijijini bila cheo, mara nyingine bila mguu, akiishi ukuta kwa ukuta na aliyekuwa adui yake. Kutokana na haja hiyo, mwaka 2005 kilianzishwa hapa nchini kituo cha malezi na maendeleo ya wapiganaji wa zamani, kijulikanacho kwa kifupi kama CEDAC, kilichowaleta pamoja watu wa pande zilizopigana. Sisi polisi hatuwezi kulitazama jambo hilo kwa mbali. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2004 iliyounda Polisi ya Taifa ya Burundi iliwaweka chini ya sare moja askari wa zamani wa jandarmeri, polisi wa zamani na wapiganaji waliotoka msituni. Katika vituo vingi, watu waliokuwa wamerushiana risasi walijikuta wakigawana zamu ya usiku na birika moja la chai. Haikuwa rahisi, na asemaye ilikuwa rahisi hakuwapo.

Basi mpiganaji wa zamani ana nini cha kumpa kijana? Si ujuzi wa silaha. Huo tunamwomba auzike. Ana mambo mengine. Amezoea kuamka kwa saa iliyopangwa na kumaliza kazi aliyoianza. Pengine anajua kufunga jeraha na kumbeba mgonjwa kwa machela. Wengine walihudumu Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka wanajeshi Desemba 2007, wakaona kwa macho yao taifa lisilo na serikali linavyoishi. Zaidi ya hayo, anaijua bei ya vita. Kijana anayeshawishiwa kuvuka mto kwenda kujiunga na kundi lenye silaha hamsikilizi sana afisa wa polisi. Atadhani ni kazi yetu kusema hivyo, na kwa kweli ni kazi yetu. Lakini mtu aliyetembea njia hiyo, akarudi bila rafiki zake, akimwambia kwamba mwishoni mwa njia hakuna mshahara wala heshima, maneno yake yana uzito tusioweza kuuazima.

Hata hivyo maneno peke yake hayadumu. Vijana hushikwa na kazi, mazungumzo yakafuata baadaye. Hapa Kigobe tuna mfano wa jirani. Kilomita chache tu kutoka jengo la Bunge kipo Kituo cha Vijana cha Kamenge. Hakikuanzishwa na wapiganaji, ila njia yake yafaa kuigwa. Katika miaka ya vita, mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura iligawanyika kwa kabila, na kuvuka barabara moja tu kulitosha kumgharimu mtu uhai. Kituo kile kiliwapokea vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere kwa michezo, maktaba na masomo, na wakati wa likizo kiliwaita kwenye kambi za kazi za kufyatua matofali ya nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Vijana hawakuanza kwa kuulizwa wanachofikiri juu ya amani. Walianza kwa kukanyaga udongo pamoja, na mtu uliyekanyaga naye udongo tangu asubuhi ni vigumu kumwogopa jioni.

Kazi haikosi. Wenyeji wa mitaa hiyo hawajausahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua ilipoporomosha maji na matope juu ya Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walifariki na maelfu ya nyumba zikaanguka. Waliofika mwanzo kuwatoa watu katika matope walikuwa majirani na wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu, wengi wao vijana. Mpakani nako maji hayasubiri. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukaizamisha Gatumba na kuwafukuza maelfu ya watu majumbani mwao. Mwezi huohuo, ng'ambo ya mpaka, mto Mulongwe ulibomoa mitaa ya Uvira. Mvua ile haikuuliza mtu kitambulisho chake.

Jambo hili latupeleka kwenye uzalendo, neno ambalo mpakani hutumika vibaya pengine kuliko mahali popote. Wapo wanaodhani kuipenda Burundi ni kumshuku kila avukaye kutoka upande wa pili. Lakini mkazi wa mpakani ana shemeji Uvira, ana mteja Kabanga, ana shamba jirani na la mtu wa Manyovu. Mababu zetu waliita kazi ya kusaidiana ikibiri. Ndugu zetu wa Kongo huiita salongo, wa Rwanda umuganda, na Watanzania wana msaragambo. Majina manne, jembe lilelile. Mzalendo wa mpakani ni yule anayepita njia iliyo halali, anayelipa ushuru wa bidhaa zake, anayeutunza mti uliopandwa ukingoni mwa mto, na asiyekubali kijana wa jirani atumwe usiku na mzigo asioujua.

Tuseme sasa juu ya mipaka ya kikundi chenyewe, kwa maana hapa ndipo penye hatari.

Kikundi cha wapiganaji wa zamani si polisi ya pili. Hakifanyi doria. Hakiweki kizuizi barabarani, hakikagui vitambulisho wala mizigo, hakimkamati mtu wala kumhoji. Kikimwona mtu wanayemshuku, wajumbe wake hufanya kile ambacho raia yeyote hufanya: humwarifu mkuu wa kilima au kituo cha polisi, kisha huendelea na kazi yao. Hakivai sare wala nguo inayofanana na sare. Hakichezeshi gwaride kwa fimbo zinazoshikwa kama bunduki. Tumeombwa mara kadhaa tuliruhusu jambo hilo kwa hoja kwamba linafundisha nidhamu, na jibu limekuwa hapana. Nidhamu hufundishwa na saa na jembe. Tena kikundi si mali ya chama chochote cha siasa. Mjumbe ana haki ya kuwa na chama chake, ila bendera ya chama huiacha nyumbani siku ya kazi.

Dalili njema zinaonekana kwa macho. Kikundi hukutana mchana na mahali pa wazi. Viongozi wake walitoka pande tofauti za vita, si upande mmoja tu. Wanawake waliopigana wana nafasi ndani yake, maana wao aghalabu walirudi uraiani kimyakimya bila mtu kuwauliza walichopitia. Daftari la majina na la michango laweza kusomwa na yeyote. Kijana huingia kwa hiari na hutoka kwa hiari, na aliye chini ya miaka 18 mzazi wake anajua alipo.

Dalili mbaya nazo hazijifichi sana. Mzazi ashtuke akisikia kiapo cha siri, mkutano wa usiku, vitambulisho vya vijana kukusanywa na kuwekwa na mtu mmoja, malipo mazuri kwa kazi isiyoelezwa, au safari ya kuvuka mpaka kwa njia ya porini. Kijana anayeanza kwa kubeba dumu la mafuta ya magendo huulizwa siku nyingine abebe furushi, na furushi halifunguliwi. Mambo hayo yaelezwe polisi mapema, kabla kijana hajaondoka. Akishavuka, uwezo wetu wa kumsaidia ni mdogo sana.

Liko na suala la silaha zilizobaki. Mwaka 2009 serikali ilitoa muda wa msamaha, na raia wengi wakasalimisha bunduki na mabomu ya mkono kwa hiari. Muda ule ulipita, na kumiliki silaha bila kibali ni kosa la jinai. Lakini bado twapendelea silaha itufikie kwa mkono wa mtu aliyeamua mwenyewe kuliko kwa msako. Mwenye nayo asiibebe njiani. Atoe habari kwa kiongozi anayemwamini, nasi tutaifuata. Vikundi vinavyochimba mifereji vizingatie hili kwa dhati: jembe likigonga chuma cha duara au kitu msichokitambua, kazi isimame, watu warudi nyuma kwa njia waliyojia, mahali pawekwe alama kwa tawi au kitambaa, na polisi waitwe. Mpiganaji wa zamani huenda akalitambua bomu kwa kulitazama mara moja. Hata yeye asiliguse. Bomu lililolala ardhini miaka 20 si lile alilolijua.

Na polisi wanawajibika nini? Kamati za usalama zinazowaunganisha viongozi wa utawala, polisi na wananchi ndipo mahali pa kikundi kujitambulisha na kusikilizwa. Afisa wetu akialikwa aje, ashike jembe, ajibu maswali, aondoke. Asikifanye kikundi kuwa mtandao wa wapasha habari. Siku vijana watakapohisi kwamba majina yao yanaandikwa kwa ajili ya faili, hawatarudi Jumamosi ifuatayo, na tutakuwa tumevunja kwa mkono wetu kile tulichoomba kijengwe. Nasema hivi kwa wenzangu wa sare kabla ya kuwaambia wananchi.

Kwa wanaotaka kuanza, njia si ndefu. Wakutane watu wa pande zote, wachague viongozi, waandike kanuni za ukurasa mmoja au miwili, waende kwa mkuu wa kilima, kisha ofisi ya tarafa. Kikundi kitakachotaka kupokea misaada na kumiliki mali kwa jina lake kitapaswa kusajiliwa kwa sheria ya mwaka 2017 ya mashirika yasiyo ya faida. Kitakachotaka kulima au kufuga kwa biashara kitafaa zaidi kuwa ushirika. Wazee Bashingantahe waalikwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ugomvi wa fedha utakapotokea, na hutokea, ni vema wawepo watu ambao kila upande unawaheshimu. Kazi za jamii za Jumamosi zipo tayari. Kikundi kianzie hapo badala ya kujitungia siku yake.

Mvua za msimu huanza Septemba. Vikundi vinavyokusudia kuzibua mifereji na kupanda matete kando ya Rusizi na mabonde yanayoshuka kutoka milimani vifike kwenye ofisi ya tarafa mwanzoni mwa Agosti, vikiwa na orodha mbili: ya majina ya wajumbe pamoja na umri wao, na ya zana walizo nazo. Majembe, sepetu, mapanga ya kufyekea na toroli zihesabiwe asubuhi na zihesabiwe tena jioni, mbele ya wote.