Pointi za Maduka ya Michezo

Wengi wetu, wanafunzi na sisi tuliokwisha kuondoka shuleni, twapenda michezo ya kompyuta. Nataka kueleza jambo moja linaloniudhi katika maduka ya intaneti yanayouza michezo hiyo. Baadhi ya maduka hayo hayakupokea shilingi wala dola kwa kitu utakacho. Ilikupasa kwanza ununue pointi, kisha pointi hizo ndizo ununulie mchezo.

Mfano ulio wazi ni pointi za kampuni ya Microsoft, zilizotumika katika mtambo wa Xbox 360 tangu mwaka 2005. Huko Marekani pointi 80 zilikuwa sawa na dola 1. Mbona 80, wala si 100? Mtu aonaye mchezo wa pointi 400 hudhani ni dola 4, kumbe ni dola 5. Kampuni ya Nintendo nayo ilileta pointi zake pamoja na mtambo wa Wii mwaka 2006, lakini angalau yao ilikuwa pointi 100 kwa dola 1, hesabu ambayo hata mtoto aweza kuifanya kichwani.

Ubaya hasa ulikuwa katika mafungu. Pointi hazikuuzwa moja moja. Tuseme wataka mchezo wa pointi 800, yaani dola 10, na pointi zauzwa kwa mafungu ya 500. Wanunua mafungu mawili kwa dola 12 na senti 50. Mchezo umeupata, na pointi 200 zimebaki. Utanunua nini kwa pointi 200? Pengine picha ya kupamba jina lako! Dola zako mbili na nusu zimelala katika sanduku la mwenye duka, wala hakurudishii. Ukitaka kuzitumia, sharti uongeze fungu jingine, nalo litaacha masalio mengine. Mimi nina pointi 70 katika duka moja ambalo sitalitaja, na hakuna kitu hata kimoja humo cha bei hiyo.

Wenye maduka wana sababu zao, na moja naikubali. Benki hutoza ada kila kadi inapotumika, na kwa kitu cha dola moja ada hiyo hula sehemu kubwa ya faida. Tena kijana asiye na kadi ya benki aliweza kununua dukani kadi ya pointi kwa fedha taslimu. Vema, lakini kadi hiyo ingaliweza kuandikwa dola 20 badala ya pointi 1600! Duka la PlayStation la kampuni ya Sony, lililofunguliwa mwaka 2006, liliandika bei kwa fedha halisi, na watu wakanunua. Mwaka 2013 Microsoft wenyewe waliziacha pointi zao na kuzigeuza kuwa fedha za kila nchi.

Hata hivyo desturi haikufa, bali ilihamia ndani ya michezo yenyewe. Fortnite ina V-Bucks, na Roblox ina Robux. Kwetu Uganda hesabu imekuwa ya hatua tatu: shilingi kwanza, kisha dola, ndipo pointi, na katika kila hatua mtu husahau kidogo ametoa kiasi gani.

Mwezi Machi 2025 wakuu wanaolinda wanunuzi katika nchi za Umoja wa Ulaya walitoa kanuni juu ya jambo hili. Walisema bei ionyeshwe waziwazi kwa fedha halisi, na mnunuzi asilazimishwe kununua pointi kupita anazohitaji. Hapa kwetu, njia niitumiayo ni karatasi na kalamu. Nachukua shilingi zote zitakazotoka mfukoni kwa mafungu nitakayolazimika kununua, na jumla hiyo ndiyo naiita bei ya mchezo. Mara mbili mwaka huu jumla hiyo imenifanya nifunge duka na kwenda kucheza mpira.