Mbwa wa Kunusa: wa Uswidi na wa Misisi

Misisi, katika sekta ya Ngandja huku Fizi, mbwa hana hadhi kubwa. Utamkuta amejilaza kando ya machimbo ya dhahabu: mwembamba, rangi ya udongo, masikio yamesimama, akingoja mabaki ya bugali na ndakala. Ndugu zake waliotolewa katika misitu ya Kongo wanauzwa ghali Ulaya kwa jina la Basenji. Walionyeshwa Uingereza mwaka 1937, na leo Kennel Club ya nchi hiyo imewaandika katika kundi moja na mbwa wa Uswidi aitwaye Hamiltonstövare. Sioni sababu ya kumstahi yule wa Uswidi kuliko huyu wetu.

Jina la mbwa wa Uswidi linatokana na Adolf Patrick Hamilton, mmoja wa waanzilishi wa chama cha mbwa cha nchi hiyo, kilichoundwa mwaka 1889. Ni mbwa wa rangi tatu, mwenye masikio ya kulala, na huwinda peke yake. Akipata harufu ya sungura au mbweha, huifuata huku akibweka bila kukoma. Sungura anayefukuzwa hupenda kuzunguka na kurudi karibu na alipoanzia, kwa hiyo mwindaji hutulia njiani na bunduki yake, akisikiliza sauti inakuja upande gani. Basenji hana kubweka huko. Hutoa sauti kama ya kuimba, tena si mara nyingi. Ndiyo maana wawindaji wa misitu ya Kongo humfunga kengele ya mbao shingoni, wajue alipo anaposukuma wanyama kuelekea nyavuni. Msitu wa baridi na msitu wa mvua iliuliza swali moja, yu wapi mbwa, na kila mmoja ukapata jibu lake.

Kazi yote hiyo inategemea pua. Mbwa anaponusa, hewa hugawanyika: sehemu huenda kwenye mapafu, sehemu huingia kwenye chumba cha nyuma ya pua chenye seli za kunusa. Binadamu ana seli hizo zipatazo milioni 6. Mbwa ana milioni 200 hadi 300. Akitoa pumzi, hewa hupita kwenye mikato ya pembeni mwa matundu ya pua, isije ikapeperusha harufu iliyo mbele yake. Unyevu nao humsaidia, kwa hiyo nyayo za alfajiri yenye umande humwambia mengi kuliko zile zilizokaushwa na jua la saa saba.

Anayeishi na mbwa wa namna hii ajue jambo moja: akishika harufu, jina lake halisikii tena. Si utundu wala ukaidi, vizazi vingi vilichaguliwa kwa sifa hiyo hiyo. Familia za Uswidi humtembeza kwa kamba, na sheria yao inataka mbwa wazuiwe kabisa kusumbua wanyama wa porini kati ya tarehe 1 Machi na 20 Agosti, majira ya kuzaliana. Huku kwetu milima ya Kabobo na hifadhi ya Ngandja ina sokwe na wanyama wengine wengi, na mbwa anayezurura huko peke yake hajui mpaka wa hifadhi uko wapi.

Chakula si tatizo kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, huko huko Uswidi, walionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga, wakati mbwamwitu wana mbili tu. Bugali basi si adhabu kwake, mradi apate na samaki kidogo. Mchuzi wenye vitunguu vingi asipewe: vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Lakini kinachonikera ni kichaa cha mbwa. Uswidi haijapata mbwa wa kwake mwenye ugonjwa huo tangu mwaka 1886. Duniani bado unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wakiwa Asia na Afrika, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kutafuta chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kinga yenyewe inaanzia kwa mbwa: asilimia 70 wakichanjwa, na hilo likirudiwa mwaka hata mwaka, ugonjwa hukatika. Uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Ugumu ni kuwashika. Mbwa anayefukuzwa kwa mawe hakaribii mtu mwenye sindano. Aliyezoeshwa tangu mdogo kuguswa masikio na mdomo, kufungwa kamba na kulishwa na watoto wa nyumbani, huletwa na mtoto wa miaka kumi na kuchanjwa kwa dakika moja.