Haki ya kulinganisha magari ya turbo ipimwe mlimani

Kwenye yadi za magari yaliyotumika Dar es Salaam, gari la kifahari hunadiwa kwa namba mbili: ukubwa wa injini na nguvu za farasi. Mnunuzi wa Iringa au Mbeya huzisoma namba hizohizo, hulipa, kisha gari linakwenda kufanya kazi mahali ambapo namba hizo hazikupimiwa. Ruaha Mbuyuni iko mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, katika bonde la joto, mibuyu na magunia ya vitunguu. Kutoka hapo barabara kuu ya Zambia inakwenda kuukwea mlima wa Kitonga hadi Ilula, kwenye mita 1,400 hivi, na ukifika Mbeya uko kwenye mita 1,700. Ubishi wa siku nyingi kati ya wapenzi wa turbo na wapenzi wa injini kubwa isiyo na turbo hauwezi kuamuliwa kwa haki bila kuihesabu safari hiyo, na ikihesabiwa ipasavyo, kila upande utapoteza sehemu ya majigambo yake.

Chukua Toyota Crown Athlete ya kuanzia mwishoni mwa 2015. Iliuzwa Japani ikiwa na injini ya lita 2.0 yenye turbo, farasi 235, na pia ikiwa na V6 ya lita 3.5 isiyo na turbo, farasi 315. Kwenye karatasi, pengo ni farasi 80 na mjadala umekwisha. Lakini injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi na hakuna kinachoisukuma kuingia. Mbeya, zile 315 zimebaki 260 na kitu. Turbo huifidia hewa hiyo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, hivyo hubaki karibu na 235 yake. Pengo la 80 limekuwa la 30 au pungufu. Tena dereva anayepanda mlima haendeshi kwa farasi za kileleni mwa mzunguko wa injini. Turbo hii hutoa nguvu yake yote ya kuvuta, nyutonimita 350, tangu mizunguko 1,650 kwa dakika, wakati V6 hufikia 377 zake kwenye mizunguko 4,800. Kwenye kona za Kitonga hiyo ni tofauti ya kukanyaga kidogo gari likaondoka, au kushusha gia injini ikapiga kelele kwanza.

Wapinzani wa turbo wana hoja nzito hapa. Wanasema mwinuko ni hali ya mazingira, na kipimo cha haki huondoa mazingira ili zibaki injini zenyewe. Wapimaji wa magari Marekani hufanya hivyo: hurekebisha matokeo yao yarudi kwenye usawa wa bahari na joto la kawaida. Kwa mhandisi, utaratibu huo una maana. Hata hivyo, kanuni ya marekebisho iliyotengenezwa kwa injini isiyo na turbo, ikitumiwa kwa yenye turbo, huirudishia nguvu ambazo haikupoteza, na kuipa sifa ya bure. Namba rasmi nazo si msahafu. Tangu 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya farasi 280, na magari mengi ya turbo ya miaka hiyo yakaandikwa 280 ileile ingawa baadhi yalizidi. Mnunuzi wa Mbeya hanunui injini iliyoondolewa kwenye mazingira yake. Ananunua ya kupandia.

Hata hivyo turbo nayo ina deni. Kuishindilia hewa huipasha moto, na intakula, yaani kipoza hewa, huipoza kwa upepo wa mwendo. Kitonga upepo huo haupo: gari liko gia ya kwanza au ya pili nyuma ya semitrela iliyojaa, kiyoyozi kinafanya kazi, lami inatoa joto la bonde. Hewa ya moto ikiingia, kompyuta ya injini hupunguza msukumo na kuchelewesha cheche ili kuinusuru injini. Petroli ikiwa ya daraja la chini kuliko ile iliyokusudiwa, upungufu huongezeka. Kwa hiyo jaribio moja la kasi, injini ikiwa bado baridi asubuhi, huipendelea turbo kupita kiasi. Hilo mashabiki wake hawapendi kulisikia, nalo ni kweli. V6 iliyopoteza nguvu kwa mwinuko haitapoteza nyingi zaidi kwa foleni.

Kuna pia fedha. Ushuru wa bidhaa hapa Tanzania hufuata ujazo wa injini: asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 zaidi ya hapo. Crown ya turbo ina cc 1,998. Sheria inaihesabu pamoja na magari madogo ilhali kazi yake mlimani ni ya gari la lita tatu, na kwa kuwa VAT hukokotolewa juu ya ushuru huo, nafuu inakua. Wengine watasema kodi haihusiani na uwezo wa gari. Inahusiana sana, maana tunalinganisha vitu vinavyonunuliwa. Ila nafuu hiyo hutafunwa taratibu na oili bora inayobadilishwa kwa wakati, na ikifa turbo yenyewe, huliwa yote kwa mara moja.

Hukumu yangu ni kwamba turbo ndogo inalifaa zaidi soko la Nyanda za Juu, lakini kwa gari lenye historia ya matengenezo tu. Wauzaji waache kuweka farasi za Japani mbele ya mteja wa Mbeya kana kwamba ni ahadi. Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, omba gari lipande mlima likiwa na watu wanne, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha ligeuke na kupanda mara ya pili likiwa bado la moto. Linganisha mpando wa pili na wa kwanza, ndipo uzungumze bei.